Swali linakupa mkono mmoja: kisa cha muuguzi aliyefeli NCLEX mara mbili

Kabla hatujaanza

NCLEX ni mtihani wa kompyuta anaoufanya muuguzi ili apate leseni ya kazi Marekani. Mhusika nitamwita Bi. N. Miji, miezi na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha au kuyaacha. Maswali ya mfano nimeyatunga mwenyewe. Ya mtihani wenyewe kila mtahiniwa huapa kutoyatoa, na mtu anayekuuzia "maswali yaliyotoka juzi" anakuuzia njia ya kupoteza leseni kabla hujaipata.

Usuli

Bi. N. ni muuguzi wa diploma kutoka Kenya, yule tunayemjua kwa herufi KRCHN (Kenya Registered Community Health Nurse, muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii), miaka mitatu na nusu ya chuo. Alifanya kazi miaka kumi na mmoja: kwanza wodi ya wazazi, kisha wodi ya upasuaji, katika hospitali ambayo zamu ya usiku nesi mmoja alikuwa na wagonjwa thelathini na zaidi. Alipohamia Marekani na familia yake, alianza kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, zamu za usiku za saa kumi na mbili, huku vyeti vyake vikikaguliwa. Ukaguzi ulichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia. Barua ya ruhusa ya kufanya mtihani ilipokuja alikuwa hajashika kitabu cha uuguzi kwa karibu miaka miwili.

NCLEX-RN, ile ya wauguzi waliosajiliwa, tangu Aprili 2023 ni ya maswali kati ya 85 na 150, kwa saa tano. Kompyuta inakupima unavyokwenda: ukipata, swali lijalo linapanda, ukikosa, linashuka, na muda wote inatafuta swali ambalo una nafasi nusu kwa nusu ya kulipata. Kurudi nyuma hakuna. Inakata pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu au chini yake. Kwa hiyo kila mtu, hodari na dhaifu, hutoka akihisi amepigwa. Ndani yake kuna maswali 15 ya majaribio yasiyohesabiwa, na huwezi kuyatambua. Kuna pia visa vitatu vya mgonjwa mmoja mmoja, kila kisa maswali sita.

Haya Bi. N. hakuyajua yote. Kitabu chake alirithi kwa binamu, kikisema maswali ni 75 hadi 265 na muda ni saa sita. Kilikuwa kitabu kizuri, cha mtihani ambao haupo tena.

Jaribio la kwanza

Alisoma miezi minne. Alisoma kama tulivyosoma sote chuoni: ugonjwa, chanzo, dalili, matibabu, kalamu nyekundu, kalamu ya buluu. Maswali ya mazoezi aliyafanya mwishoni, kama mia tatu hivi, "kujipima".

Saa tano zilimwishia akiwa swali la 121. Alipofika la 85 alikuwa ameshatumia karibu saa nne, na kuanzia hapo alibofya kwa hofu. Kwa kuwa alikuwa amevuka idadi ya chini, kompyuta ilimpima kwa yale aliyojibu. Hakufika mstari.

Saa zilikwenda wapi? Nilipomwuliza, alinionyesha kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Kenya sukari ya damu tunaisoma kwa milimoli. Huku ni miligramu kwa desilita. Alipoona 250 alifungua kikokotoo cha kwenye skrini, akagawa kwa 18, akapata 13.9, ndipo moyo wake ukashtuka. Akaona 65, akagawa, akapata 3.6, ndipo akajua mgonjwa ameshuka. Kreatinini hivyo hivyo. Na dawa: alizoea adrenalini, hapa ni epinefrini, salbutamoli, hapa ni albuterol, panadoli ya kawaida hapa ni asetaminofeni. Hakuna hata moja kati ya hizo asiyoijua. Ila kila moja ilimlipisha nusu dakika ya kutafsiri, na alikuwa tayari anasoma Kiingereza huku akiwaza kwa Kiswahili.

Anayefeli hupewa ripoti inayoonyesha, eneo kwa eneo, kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini. Bi. N. alikuwa karibu katika maeneo mengi. Chini katika mawili: dawa, na usimamizi wa huduma, yaani nani aonwe kwanza, nani apewe kazi gani. Eneo hili la pili ndilo lenye maswali mengi kuliko yote, kati ya asilimia 15 na 21. La dawa linalifuata.

Jaribio la pili, na kosa langu

Hapa ndipo nilipoingia mimi. Sheria inadai siku 45 kati ya jaribio na jaribio, nami nikamshauri asipoe: ajiandikishe mara tu siku hizo zitakapotimia. Nikampa pia orodha ya mbinu, zile zile zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wauguzi. Njia ya hewa kwanza, halafu kupumua, halafu mzunguko wa damu. Chunguza kabla ya kutenda. Usichague kumpigia daktari kwanza. Jibu lenye neno "daima" au "kamwe" litupe.

Alizikariri kama dua. Alijibu maswali mengi sana wiki hizo, zaidi ya elfu moja, katika benki tatu tofauti za maswali ya mazoezi, akiwa kwenye basi, kwenye mapumziko ya zamu, jikoni. Alama zake hazikupanda. Mimi nikamwambia ni uchovu.

Kompyuta ilikata kwenye 85. Alitoka akiimba. Uvumi uliokuwa ukizunguka ni kwamba ikikata 85 umepita, basi alimpigia mama yake Kenya akiwa bado kwenye maegesho ya magari, na jioni ile kulipikwa pilau. Matokeo yasiyo rasmi yalikuja siku mbili za kazi baadaye. Kukata 85 maana yake ni kwamba kompyuta imepata uhakika mapema. Haisemi uhakika wa upande upi.

Pilau ile ilinikaa kooni kwa muda.

Mezani

Tulikaa wiki tatu bila kutaja mtihani. Kisha nikamwomba jambo moja: tusifanye maswali mengi, tufanye kumi tu, lakini kila moja aniambie kwa sauti, kwa Kiswahili, anavyowaza mpaka afike kwenye jibu. La kwanza lilikuwa hivi.

Umepokea zamu. Nani umwone kwanza? Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni ya damu asilimia 90. Mgonjwa wa siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo, maumivu 7 kwa 10. Mwanamke aliyeondolewa tezi ya thairoidi saa nane zilizopita, anasema vidole vinamchonyota. Mgonjwa wa kisukari, sukari 210.

Alijibu bila kusita: mzee wa mapafu. "Njia ya hewa kwanza, Sista. Si wewe uliniambia?"

Nilimwambia mimi. Ila mzee yule wa mapafu kukaa 90 ndiyo hali yake. Kwa wengi wa aina yake tunataka kati ya 88 na 92. Hakuna jipya. Mwanamke wa tezi ndiye mwenye jipya: nyuma ya thairoidi kuna vitezi vidogo vinavyosimamia kalisi, na vikiguswa kwenye upasuaji kalisi hushuka, vidole huchonyota, halafu koromeo hukakamaa. Njia ya hewa ilikuwa kwenye swali kweli. Ilikuwa imejificha vidoleni.

Na alijua! Nilipomwuliza kalisi ikishuka hutokea nini, alinieleza vizuri kuliko ninavyoandika hapa. Mbinu niliyompa ilimzuia asiitumie elimu yake.

La nne ndilo lililogeuza mambo. Mama amejifungua saa mbili zilizopita, pedi imelowa ndani ya dakika 15, mji wa mimba ni laini. Ufanye nini kwanza? Ukande mji wa mimba, uanze oksitosini (dawa ya kuukaza mji wa mimba), umpigie daktari, upime shinikizo la damu.

Akachagua oksitosini.

"Kwa nini usikande?"

"Nitakanda. Mkono huu unakanda, huu unachukua sindano, na mdomo unamwita mwanafunzi alete kanula. Sista, mimi nimezalisha wanawake wangapi? Nani anakanda peke yake halafu anangoja?"

Yuko sahihi. Ndivyo inavyofanyika, na akina mama wako hai kwa sababu inafanyika hivyo. Nikamwambia, swali halikatai hayo yote utayafanya. Swali limekupa mkono mmoja tu na sekunde kumi: mkono huo utauweka wapi?

Alinyamaza. Akasema, "Tumboni." Halafu akasema, "Kumbe wanauliza hivyo."

Tulichobadilisha

Tuliacha benki mbili kati ya tatu. Maswali yakashuka hadi thelathini kwa siku, na siku za zamu hakuna kabisa. Kila kosa liliingia kwenye daftari lenye safu nne: *sikujua*, *sikusoma vizuri*, *nilijua nikabadilisha*, *nilijibu kwa wodi yangu*. Safu ya nne aliipa jina mwenyewe.

Wiki ya kwanza aliandika makosa 58. Safu ya *sikujua* ilikuwa na 15, karibu yote ya dawa. *Kwa wodi yangu* ilikuwa na 24. Tulitazamana tukacheka, kicheko kile cha mtu aliyetafuta miwani iliyo usoni.

Baadhi ya yaliyokuwa humo. Swali la kugawa kazi: msaidizi wa wauguzi apewe ipi? Kupima mkojo wa mgonjwa aliyetulia. Kumlisha mlo wa kwanza mgonjwa aliyepata kiharusi jana. Kumfundisha mtoto kutumia kivutia dawa cha pumu. Kuuliza kama maumivu yamepungua baada ya mofini. Alichagua kulisha. Kwao ndugu ndiye anayelisha, na mkojo anaupima nesi. Katika wodi ya swali, mtu wa kiharusi hapewi kijiko kabla muuguzi hajahakikisha anameza bila kupaliwa, na kuchunguza, kufundisha na kutathmini hakutoki mikononi mwa muuguzi aliyesajiliwa. Kupima mkojo wa aliyetulia kunaweza kutoka. La kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo ya usaidizi kila usiku. Nikamwambia ajiulize kila mara: "Hili ningepewa mimi usiku wa jana?" Hakukosa tena swali la aina hiyo kwa urahisi.

Jingine: alikuwa akiongeza mambo. Swali linasema mgonjwa ana homa. Yeye anawaza labda ni malaria, labda maabara imefungwa, labda dawa zimeisha duka la hospitali. Kwenye wodi ya swali dawa ipo, mashine inafanya kazi, daktari anapokea simu, na mgonjwa ni huyu mmoja. Tuliandika ukutani, jikoni: *Kama hakikuandikwa, hakipo.*

Kulikuwa na maswali yanayouliza ni kauli gani ya mgonjwa inaonyesha anahitaji kufundishwa zaidi. Hapo jibu ni kauli iliyokosea. Bi. N. alikuwa akichagua iliyo sahihi, kwa sababu macho yakiona jambo la kweli hufurahi. Dawa yake ilikuwa ya kitoto: kabla ya kusoma majibu, aseme swali upya kwa Kiswahili, maneno yasiyozidi sita. "Nani hajaelewa?" "Nani anazidiwa?" "Nifanye nini kwanza?" Kutafsiri swali zima kulimchelewesha. Kulifupisha kwa lugha yake kulimpa kasi.

Maswali ya kuchagua majibu yote yanayofaa yalikuwa yakimtisha, kwa kuwa kitabu cha binamu kilisema ukikosa moja umekosa yote. Sivyo tena tangu 2023: kila chaguo sahihi linaongeza alama, lisilo sahihi linapunguza, na huwezi kushuka chini ya sifuri kwa swali hilo. Hiyo inabadilisha namna ya kujibu. Mgonjwa anatumia digoksini (dawa ya moyo) na furosemidi (dawa ya kutoa maji mwilini). Yapi kati ya haya uyatolee taarifa: mapigo ya moyo 52, potasiamu 3.1, anaona duara za njano kwenye taa, hataki chakula, shinikizo 128 kwa 76? Tulimfunika machaguo kwa karatasi, moja baada ya jingine, kila moja likiulizwa peke yake: ndiyo au hapana. Manne ya kwanza ndiyo. Alizoea kusimama kwenye mawili kwa woga. Lakini asiyejua naye asitie alama kila mahali kwa tamaa, maana punguzo lipo.

Namba alizikariri upya kwa vipimo vya huku, bila kugawa. Tulipiga marufuku 18.

Na saa. Kituoni unapewa kibao cha kuandika na kufuta. Mpango ulikuwa aandike kwanza kabisa: zikibaki saa 4, swali la 30, zikibaki 3, la 60, zikibaki 2, la 90. Dakika mbili kwa swali. Likimshinda, aondoe mawili yaliyo mabaya wazi, achague, asonge. Kompyuta haitamruhusu kuliruka wala kulirudia, kwa hiyo kuling'ang'ania ni kumnyima muda mgonjwa anayefuata.

Jaribio la tatu

Safari hii alingoja miezi sita. Alichukua likizo ya siku tatu, akalala usiku usingizi wa usiku, jambo ambalo mtu wa zamu hulisahau. Kompyuta haikukata 85. Haikukata 100. Kwenye 100 alianza kulia, alinisimulia, akainua mkono akaomba mapumziko ingawa saa haisimami, akaosha uso, akarudi. Ilikata 112, baada ya muda wa saa tatu na dakika 40. Alinitumia ujumbe: "Nimeanguka, Sista. Usinipigie."

Alikuwa amepita.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni daftari, na ndani ya daftari ile safu ya nne. Mpaka hapo tulikuwa tukitibu ugonjwa usiokuwepo: tuliona alama ndogo tukasema ongeza maswali, kama anayeongeza dozi bila kupima. Alipoanza kutenganisha kutojua na kujibu kwa wodi nyingine, kila kundi lilipata dawa yake. Dawa zilihitaji kusomwa, zikasomwa. Yale mengine hayakuhitaji kitabu.

Kusema kwa sauti kulifaa, na nadhani kulifaa kwa sababu kulikuwa kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza angenisomea maelezo ya kitabu. Kwa Kiswahili alinieleza alichofanya kweli.

Mbinu zenyewe, ile orodha yangu, si za uongo. Njia ya hewa kwanza ni kweli. Chunguza kabla ya kutenda ni kweli pia, mpaka swali likishakuchunguzia: pedi imelowa, mji wa mimba ni laini, unachunguza nini tena? Daktari hupigiwa kwanza pale ambapo huna la kufanya kabla yake. Mbinu hizi zinamfaa aliyekwisha kuona mgonjwa kwenye swali na sasa anachagua kati ya mawili. Bi. N. alizitumia ili asimwone mgonjwa, na mimi ndiye niliyempa nafasi hiyo. Ushauri wa siku 45 nao ulikuwa wangu. Siku hizo ni kima cha chini cha kungoja, nami nikaufanya ratiba.

Kikundi chake cha WhatsApp cha wauguzi sikipendi, niseme wazi. Kilimpa moyo, lakini kilimpa pia uvumi wa 85.

Sehemu moja hatukuitatua. Yale maswali ya umbo la tai ya shingoni, unapochagua hali moja katikati, hatua mbili kushoto na vipimo viwili vya kufuatilia kulia, aliendelea kuyakosa karibu nusu mpaka mwisho. Alipata hali, akapata hatua, akakwama kwenye cha kufuatilia. Nashuku ni wodi ya zamani tena: nesi wa wagonjwa thelathini hutenda kisha hukimbilia kitanda kingine, na kurudi kuona kama dawa imefanya kazi huwa ni kazi ya zamu ijayo. Tulipita kwa kuwa mengine yalitosha.

Baada yake nimewapa daftari lile wauguzi wawili. Mmoja, kutoka Tanzania, safu yake ya nne ilijaa kama ya Bi. N., hasa kwenye kugawa kazi. Wa pili alisomea huku huku. Safu hiyo kwake ilibaki tupu wiki nzima, na ya tatu, *nilijua nikabadilisha*, ikawa kurasa mbili. Kwake tumeanza upya, kutoka swali la kwanza, kwa sauti.